Siku Nilipopiga Sehemu ya Mama Yako

Kwako Solange,

Umetoka kwenda kuaga marafiki zako Kamembe, na umeniambia utarudi kabla ya chakula cha jioni. Kwa jinsi mnavyoagana ninyi wasichana, kukumbatiana mara tatu kisha kukaa tena chini na kuanza upya, naona nina mchana mzima mbele yangu. Nimefunga kibanda mapema. Redio ya mwalimu mkuu nimeiacha wazi juu ya meza, nyaya zote nje, na yeye atasubiri.

Watu wakisikia nimemwandikia barua ndefu mtoto anayevuka daraja tu, watanicheka. Hapa Gihundwe ukipanda kidogo nyuma ya nyumba unaiona Bukavu ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, na siku ya jua mabati yake yanaumiza macho. Kuna watu wanaovuka asubuhi na nyanya na kurudi saa tisa na vitenge. Wewe unakwenda kusomea uuguzi miaka mitatu, utalala kwa Tantine Furaha, ndugu ya mama yako, na ukitaka unaweza kuja kula wali wangu ulioungua kila mwisho wa wiki. Hayo yote nayajua. Lakini mama yako naye alivuka daraja hilohilo akiwa na mfuko mmoja mkononi, akasema wiki moja tu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chandarua, wala wanaume. Sweta unazo. Chandarua utafundishwa. Na kuhusu wanaume, Tantine Furaha ana maoni mengi kuliko mimi na atakupa yote kabla hujafungua sanduku.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo moja ambalo Tantine analijua na wewe hulijui. Nilipomwambia kwamba umepata nafasi shuleni na utakaa kwake, alifurahi, akapiga vigelegele kwenye simu. Halafu akasema: "Shemeji, mutoto anakuja kulala ku nyumba yangu myaka tatu. Mimi siwezi kumudanganya kila asubui nikimupatia chai. Mwambie wewe, ao nitamwambia mimi."

Nilimjibu nitakuambia. Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Kila jioni nilifungua kinywa nikaishia kukuuliza kama umekula. Wewe unanijua, mtu anayesema kuanzia kuamka mpaka kulala, mtu ambaye mgeni akinyamaza sekunde tatu mimi nimekwisha kumpa habari za bei ya betri. Mama yako alikuwa ananiita Redio Gihundwe, haizimiki. Kwa hili moja tu, redio ilikosa sauti. Basi ninaandika, na kesho asubuhi nitakupa bahasha hii darajani. Isome ukiwa umeketi. Ukitaka kunihukumu katikati, nihukumu, lakini fika mwisho.

Unakumbuka tulikuwa wanne. Sijui kama unakumbuka vizuri, kwa sababu ulikuwa unakuja kwenye mazoezi ukiwa mdogo, unakaa chini ya meza ya ukumbi wa parokia na kula karanga. Josephine, mwalimu wa shule ya msingi, alipiga filimbi ya chuma. Mzee Gaspard, karani wa kahawa, alipiga basoni, lile bomba refu la mbao linalonguruma. Mimi klarineti. Mama yako, Nsimire, alipiga obwa, ile nyeusi nyembamba yenye sauti inayotokea puani, ambayo wewe ulisema ni bata anayelia.

Wote tulijifunzia Bukavu, kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa na masanduku ya vyombo na hasira nyingi. Sisi watatu tulikuwa watoto wa Wanyarwanda waliokimbilia kule zamani. Mama yako alikuwa Mushi, binti wa pale pale. Vita ya hapa ilipokwisha, wazazi wetu walisema turudi nyumbani, na tukarudi kwenye nyumba ambayo hatukuwahi kuiona. Mama yako alinifuata. Ndugu zake walimwambia, "Unaenda kutafuta nini kule kwa bantu bamekwisha?" Alijibu kwamba anafuata klarineti, mwenye nayo ni wa ziada tu.

Hakuna aliyetulipa mshahara. Tulipiga kwenye misa, kwenye harusi, mara mbili tatu kwenye sherehe ya wakubwa, na tulirudi nyumbani na soda na kipande cha nyama. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama yako aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga sokoni Kamembe, na wateja wake walizoea kumwona ana kijiti mdomoni. Hakikuwa kijiti cha meno. Ilikuwa anshi, kile kipande cha tete kilichochongwa chembamba kinachotoa sauti ya obwa, ambacho lazima kilowe mate kabla ya kupiga. Mimi ndiye niliyemchongea, kwa wembe, kwa matete niliyoyatoa Bugarama. Kumi nilizochonga, saba alizitupa. Alikuwa anaipuliza mara moja, ananitazama, kisha anasema, "Hii ni ya kuita mbuzi."

Sasa nikueleze desturi yetu, maana jambo lote liko hapo.

Watu wanne wakipiga pamoja bila kiongozi, kila mmoja ana sehemu yake peke yake. Hakuna wa pili wa kukuficha. Usipokuja, kunakuwa na kimya mahali pako, na kila mtu anakisikia. Kabla ya Mzee Gaspard tulikuwa na mzee mwingine wa basoni. Alipougua tulipiga miezi mitano bila basoni, na kiti chake kikawa hapo. Alipofariki tukamzika Alhamisi, na Jumapili ndipo Gaspard akakalia kile kiti na kupiga sehemu yake. Kisha ikaja vita ya kwanza ya Kongo, mpaka ukafungwa, Josephine akakwama Bukavu miezi miwili. Kulikuwa na kijana wa kwaya aliyejua filimbi kidogo. Nikasema tumchukue. Gaspard alinikatalia mbele ya watu wote.

"Hapana," alisema. "Hakuna mwenye atakamata nafasi yake. Hatujazika muntu. Tutapiga na kimya yake mupaka arudi ao mupaka tujue."

Na Josephine alirudi, akakaa, akapiga kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji. Tangu hapo ikawa sheria, na parokia nzima ikaijua. Wakisikia pengo, walijua kuna mtu anangojewa. Wakisikia pengo limezibwa, walijua amezikwa. Gaspard alikuwa na sababu zake. Ndugu zake waliobaki huku waliuawa wote, na hakuwahi kuonyeshwa mahali walipo. Sikuelewa wakati ule kwamba kwake yeye hii haikuwa habari ya muziki.

Mama yako aliondoka mwezi wa saba, kabla tu ya vita ya pili. Bibi yako alikuwa anaumwa, kule milimani mbele ya Bunyakiri. Wewe ulikuwa na miaka saba. Aliniachia obwa ndani ya sanduku lake, akaniambia nisiiguse kwa vidole vyangu vya mafuta ya redio. Nilimsindikiza mpaka darajani. Tuligombana njiani, na hata sikumbuki kwa sababu gani, nadhani ni sufuria.

Siku chache baadaye vita ikaanza. Bukavu ikashikwa, na baada ya muda watu wa mjini wakaanza kuvuka tena. Lakini milimani kulikuwa kwingine. Kule walikuwa wale wanaopigana na wale waliokuwa mjini, barabara ilikatwa, na mwanamke aliyejulikana kuwa ameolewa na Mnyarwanda hakuweza kupita kwenye vizuizi akabaki mzima. Nilijua hivyo. Nilituma vikaratasi kwa Maman Zawadi, yule mama wa chumvi aliyekuwa anathubutu kwenda soko la Bunyakiri kila njia ilipofunguka siku mbili tatu. Aliuliza kila muuza mihogo. Alirudi bila kitu, anakunywa chai hapa kwetu, anasema, "Tutaendelea kutafuta, Papa Solange. Bantu bengi banaishi mu pori kule." Tantine Furaha naye alituma watu.

Nasi tulipiga watatu. Mama yako ndiye aliyekuwa anatupa sauti ya kulinganisha vyombo, ile noti ya la, kwa sababu obwa haibadiliki na wengine lazima waifuate. Sasa tulikuwa tunakaa kimya kwa muda ambao la yake ingechukua, kisha tunaanza. Wewe ulikuwa unasimama karibu na kiti chake kitupu. Ulijua sehemu yake yote kwa moyo, na mahali penye pengo ulikuwa unaiimba kwa mdomo uliofungwa, chini chini, ukitazama mlango. Gaspard alisema tukuache. Nilikuwa sikuangalii, maana nikikuangalia pumzi inakatika.

Miezi minane, Solange. Kila mtu niliyekutana naye njiani aliniuliza, "Umepata habari?" nami nikasema, "Bado." Kwenda sokoni, bado. Kutoka misa, bado. Mteja analeta redio, kabla hajasema ina nini ananiuliza, nami bado. Nililichukia hilo neno kuliko njaa. Nilianza kupita njia ya nyuma.

Halafu ikaja sikukuu ya parokia. Wageni wangetoka mbali, watu wakubwa, na tuliombwa kupiga kile kipande cha polepole alichotuachia padri, ambacho katikati yake obwa inaimba karibu peke yake. Mtu wa kamati alikuja kibandani, mtu mwenye suti. Akasema, "Papa Solange, kile kintu kina matobo. Bageni batasema nini? Batasema hatujui kupiga." Niliendelea na redio niliyokuwa nayo mkononi. Lakini nilipofika nyumbani nilitoa karatasi za mama yako, nikachukua daftari lako la hesabu lililokuwa na kurasa zilizobaki, nikaandika upya sehemu yake kwa klarineti. Nilizifuma mbili pamoja, yake na yangu, pale yake inapopumzika naingiza yangu. Ilinichukua siku nne. Nitasema kweli, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya katika muziki, na nilifurahi nikiifanya. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba nilifurahi.

Sikuwaambia Gaspard na Josephine. Mazoezini nilipiga sehemu yangu kama kawaida.

Jumapili ilipofika, kanisa lilijaa mpaka nje. Tulikaa. Ule muda wa kimya wa la yake ulipoanza, mimi nikainua klarineti, nikapiga la. Gaspard aligeuka akanitazama, mdomo wake umeshika basoni. Hakuacha, kwa sababu tulikuwa mbele ya watu na yeye ni mtu wa heshima. Tukaanza. Tulipofika kwenye sehemu ya mama yako niliipiga yote, mwanzo mpaka mwisho, na niliipiga vizuri. Nikasikia mama mmoja nyuma anaanza kulia, kisha wa pili. Wewe ulikuwa umesimama mahali pako umevuta pumzi kuanza kuimba, ukanisikia, ukaiachilia tu. Ukaenda ukakaa kwenye benchi. Tangu siku hiyo sikukusikia ukiimba tena, hata jikoni.

Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya wageni. Wageni hawakujua tofauti. Ukweli ni kwamba nilichoka kungoja na nilitaka iishe. Nilitaka jambo lililo wazi liwe limefungwa, kama redio ya mteja inayochukua nafasi mezani.

Na bado ningeweza kurekebisha. Baada ya misa watu walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. "Pole sana, Papa Solange." "Mungu amupokee." Walidhani nimepata habari. Mtu yeyote angedhani hivyo, sheria yetu waliijua. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: hapana, sijui, nimepiga tu. Sikulisema. Niliupokea mkono wa kwanza, na baada ya huo wa pili ulikuwa rahisi, na wa kumi haukuwa kitu. Jioni walileta maharagwe, ndizi na kuni. Walikaa nasi siku tatu za kilio. Ulikuja ukaniuliza, mbele ya wanawake wale, "Papa, Mama amekufa?" nami nikasema ndiyo. Nilikuambia ndiyo, Solange, na nilikuwa sijui.

Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kama nimepata habari. Nilipita njia ya mbele. Maman Zawadi aliacha kuuliza sokoni Bunyakiri, na nani angeendelea kumtafuta mtu aliyekwisha kuliliwa? Tantine Furaha alisikia kule Bukavu, akanyoa nywele, akavaa kitambaa cheusi. Alikuwa amekwisha kupata dereva wa lori aliyekubali kujaribu ile njia na kupekua vituo vya afya kimoja kimoja. Akamwambia aache.

Mama yako alikuwa hai.

Nimeandika hivyo mahali pake peke yake kwa sababu sijui namna nyingine. Nilipopiga sehemu yake alikuwa hai, na aliishi miezi miwili tena.

Nilikuja kujua mwaka mmoja na nusu baadaye. Tantine alinitumia ujumbe nivuke upesi. Nyumbani kwake nilimkuta muuguzi mmoja anaitwa Deo, mwembamba sana, aliyekimbia kutoka milimani vita ilipofika kwao. Alikuwa amemtafuta Tantine soko zima la Kadutu kwa jina tu. Bibi yako alikuwa amefia njiani wakikimbia, na mama yako alifika kwenye kituo chake cha afya na homa isiyoshuka na mguu wenye kidonda. Dawa ziliisha. Alitembea kidogo, akasaidia kupika kwa ajili ya wagonjwa, akaanguka tena. Kila mchuuzi aliyepita alimpa maneno ya kupeleka Kamembe. Wengi hawakufika. Mmoja alifika soko la Bunyakiri, akamtaja, na mtu mmoja wa huku akamwambia, "Ule wa Kamembe? Balikwisha kumulilia. Bwana yake mwenyewe alipiga sehemu yake."

Yule mchuuzi alirudi akamwambia hivyo hivyo. Hakuwa na ubaya, alidhani analeta habari.

Nilimwuliza Deo mama yako alisema nini. Alimtazama Tantine kwanza. Tantine akamwambia, "Sema, asikie." Deo akasema: "Aliweka sahani chini. Kisha akaniuliza, 'Alipiga muzuri?' Mimi sikuelewa. Nikasema sijui, Maman. Akasema, 'Alipiga muzuri, namujua.' Tangu ile siku hakutuma tena maneno kwa muntu."

Hakutuma tena maneno. Nimeishi na hilo neno mpaka leo. Mtu mwenye homa huwa anangoja mlango ufunguliwe, wewe utawaona wengi kuliko mimi. Mimi niliufunga nikiwa mbali, kwa klarineti, mbele ya kanisa lililojaa, nikapokea pole.

Niliporudi nilimwambia Gaspard. Nilitaka anitukane. Aliniuliza tu mara mbili kama nina hakika, kisha akaifunga basoni yake kipande kwa kipande ndani ya sanduku. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako," alisema. "Ningejua, ningesimama nikuzuie." Wewe unajua kwamba kundi letu lilivunjika kwa sababu ya kifua cha Mzee Gaspard. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alipokufa mwaka juzi nilikwenda kwenye kilio chake, mkewe akanipa kiti karibu na mlango, na sikumlaumu.

Kwa nini sikukuambia? Ulikuwa na miaka tisa wakati ule. Ulikuwa umekwisha kulia, umeanza kucheza, umeanza kulala bila kuamka. Nilijiambia, nimwue mama yake mara ya pili? Ulipokuwa na kumi na mbili nikasema amalize shule ya msingi. Kisha nikasema amalize sekondari. Siku zote nina sababu nzuri, nina mdomo, sababu hazinipungukii. Nyuma yake kulikuwa na woga tu. Nilikuwa na wewe peke yako, na nilijua ukisikia utanitazama kama Gaspard.

Deo alinieleza mahali alipozikwa. Nyuma ya kituo cha afya, upande wa migomba, alichomeka ubao na akaandika jina lake kwa msumari wa moto. Njia ilipofunguka Tantine alikwenda mara mbili. Alinialika. Mara ya kwanza nilisema nina kazi nyingi. Mara ya pili nilifika mpaka darajani, kwenye ofisi ya kupiga mihuri, nikageuka. Sijawahi kwenda, mwanangu. Kwa hiyo usishangae kwamba nimekuacha kwenye kizuizi na kusema miguu inaniuma.

Sina mafundisho ya kukupa, na ningekuwa nayo ungekuwa na haki ya kunirudishia. Lakini unakwenda kujifunza kazi ya watu wanaosimama kati ya wagonjwa na ndugu zao. Kutakuja siku mtu atakushika mkono koridoni akuulize kama angoje au aende nyumbani akaanze kilio, na wewe utakuwa hujui. Utachoka, utataka aondoke apumzike, na maneno yatakuwa tayari mdomoni. Mwambie hujui. Mwambie hata mara ishirini, hata akikukasirikia. Mimi ningekuwa na nguvu ya kusema "bado" miezi miwili zaidi, lori la Tantine lingefika.

Siombi unisamehe katika barua, maana barua haiwezi kukutazama usoni. Ukitaka kukaa huko bila kunipigia simu, nitaelewa, na nitaendelea kuweka sahani yako mezani kwa mazoea. Ukija kunigombeza, njoo Jumamosi, siku ambayo kibanda kinafungwa mapema, unigombeze vizuri. Ila usininyamazie ukiwa umeketi mbele yangu. Hilo silimudu, na unajua silimudu.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na sijamwambia mtu yeyote, hata Tantine hajui, alikuwa ametoka kuchukua maji Deo aliponiambia. Siku za mwisho mama yako hakuwa anataja habari yangu. Alikuwa anasema habari zako tu. Alipoondoka hapa ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja, hukuweza kutamka jina lako mwenyewe, na alikucheka mpaka ukalia. Hilo lilimsumbua, kwamba alikucheka siku ya kuondoka. Kila mtu aliyeingia chumbani, mgonjwa au mchuuzi au mtoto wa jirani, alimwuliza swali hilohilo kana kwamba wote wanatoka Gihundwe: "Meno ya mutoto wangu yameota?"

Deo alimwambia yameota. Alisema tu ili atulie, hakukujua.

Tantine ataongozana nawe kule milimani likizo ya kwanza, nimekwisha kumwomba. Pale penye ubao, upande wa migomba, usihangaike na maneno ya kanisa. Fungua mdomo wako umwonyeshe.

Papa